Bora Mwanasesere Bubu



Leo nina ujumbe wa mama mmoja wa Wete, Pemba, aliyeolewa na Mngazija. Mumewe anafanya biashara Moroni, anakuja na kurudi. Binti yao ana miaka mitatu. Mawifi wawili wako Marseille, na watoto wao waliozaliwa huko ni Kifaransa kitupu, Kiswahili hawakijui na Kingazija wanaokoteza. Wakipigiana simu ya video, huyu wa Wete anawakodolea macho wenziwe, wenziwe nao wanamkodolea yeye, mpaka mtu mzima aingilie kati. Sasa baba ameahidi kuleta vitu vya kuchezea vya kumfundisha mtoto Kifaransa, na mama anauliza: "Dada, nimwambie alete nini? Kuna mwanasesere nimemwona kwenye simu, ukimbonyeza tumbo anaimba na kuhesabu mpaka kumi. Ila bei yake inakaribia gunia la mchele."

Mdogo wangu, huyo wa kubonyezwa tumbo mwache dukani. Nunua mchele.

Sisemi hivi kwa ubahili. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, kule Marekani. Alirekodi wazazi 26 majumbani kwao wakicheza na watoto wao wa miezi 10 hadi 16, mara kwa vitu vya betri vinavyoimba na kuwaka taa, mara kwa vitu vya kawaida kama matofali ya mbao, mara kwa vitabu vya picha. Palipokuwa na vitu vya betri wazazi walisema maneno machache zaidi, na watoto wenyewe walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Na wewe ukitazama nyumbani kwako utaliona jambo hilo hilo: kitu kikianza kupiga kelele, mama ananyamaza, anashika simu yake, anaona kazi ya kusema imeshapata mwenyewe. Mtoto naye anabonyeza tumbo, anacheka, anabonyeza tena. Baada ya wiki anazijua nyimbo zote za yule mwanasesere kama anavyoujua mlio wa muuza aiskrimu, na akiulizwa na binamu yake jina lake nani, kimya.

Wako waliolipima hili kwenye lugha ya kigeni hasa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa wakawasikilizisha Kichina kwa vikao 12. Waliokaa na Mchina mwenyewe, akiwasomea na kucheza nao, masikio yao yalizinasa sauti za Kichina. Waliotazama watu hao hao kwenye video, au kusikia sauti zao tu kwenye spika, hawakupata kitu. Lakini usikate tamaa na simu yako. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa huko huko Marekani uliwajaribu watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu, ukakuta kwamba wanajifunza vitenzi vipya kwa simu ya video ya moja kwa moja, ile ambayo mtu anakuona, anakusubiri na kukujibu. Video iliyorekodiwa zamani haikuwasaidia.

Kwa hiyo mwalimu unaye tayari, mdogo wangu, yuko Marseille, tena ni wifi yako. Kinachokosekana ni kitu cha kuwaweka yeye na mtoto wako kwenye mchezo mmoja badala ya kukodoleana macho.

Basi hili ndilo la kumwagiza baba: atafute mchezo ambao Wafaransa wanauita loto, ule wa picha, na anunue miwili iliyo sawasawa. Mmoja uende kwa wifi, mmoja uje Wete. Ni ubao wa karatasi ngumu wenye picha kama sita, na rundo la vipande vya picha hizo hizo. Mmoja anachomoa kipande, anataja jina, mwenye picha hiyo kwenye ubao wake anaidai na kuifunika. Anayejaza ubao kwanza ndiye mshindi. Hakuna kusoma, hakuna kuandika, na mtoto wa miaka mitatu anauelewa kabla hujamaliza kuueleza. Sasa fikiri binamu yuko Marseille ameshika kipande mbele ya kamera, anasema "le poisson!", na wako huku amejilaza kwa tumbo juu ya mkeka anamtafuta samaki kwenye ubao wake. Akimwona atapiga kelele tu, kwa Kiswahili au kwa mayowe, na mchezo utaendelea. Siku moja atadai kwa Kifaransa kwa sababu anataka kushinda, wala hutakuwa umemfundisha wewe.

Akiukosa dukani, utengeneze nyumbani, na kusema kweli mimi wa nyumbani naupenda zaidi. Vile vya dukani vimechorwa kwa ajili ya mtoto wa Lyon. Utakuta nungunungu mdogo wa bustanini, theluji, soksi za sufu, tufaha. Mtoto wa Wete anajifunza vitu viwili kwa mpigo, jina na kitu chenyewe, na vyote vigeni kwake. Chukua boksi la biskuti, likate vipande vinavyolingana, chora anavyoviona kila siku: embe, nazi, pweza, ngalawa, kuku, ndoo. Mchore popo wetu wa Pemba, yule mkubwa anayelala juu ya miti kule Kidike, ambaye duniani kote yuko kisiwani kwetu tu. Halafu vipige picha, vitume Marseille, mwambie wifi avitaje kimoja kimoja na avichore na yeye vya kwake. Atakwambia la mangue, la noix de coco, le poulpe, la pirogue, la roussette. Huyo popo nakuhakikishia hata binamu zake hawajui anavyoitwa. Patakuwa na kitu kimoja ambacho mtoto wa Pemba ndiye anayewafundisha wa Marseille, na hilo mtoto analisikia mwilini.

Kila kipande ukishachora kizungushie selotepu pande zote, maana unyevu wetu huu unaujua, karatasi haimalizi masika.

Umeona vile nimeandika le na la mbele ya kila jina? Mwombe wifi asiyaache. Kifaransa kina majina ya kiume na ya kike, na mtu mzima anayejifunza hulia nayo mpaka uzeeni. Mtoto akilisikia jina na kiambata chake tangu siku ya kwanza analibeba hivyo hivyo zima, kama wako alivyobeba mtoto wangu na kitabu changu bila kuketishwa na mtu kufundishwa ngeli.

Kwenye matamshi msiwe na hofu. Ile r ya Wafaransa inayowatoa jasho watu iko karibu sana na ghaini, na mtoto wa Pemba ghaini anaipata chuoni, akiimba alifu-be-te na wenzake. Kinachotaka mazoezi ni ile u yao, ya kwenye lune, na hiyo nayo ina njia: sema i, halafu bila kuuhamisha ulimi viringisha midomo kama unayepuliza moto wa kuni. Fanyeni pamoja mbele ya kioo, mtacheka mpaka mchoke. Na zile sauti za puani, kama mwisho wa bon, mwachie wifi. Wewe ukizikosea haidhuru, mradi mtoto ana mtu wa kumsikia anayezipatia.

Nirudi kwa mwanasesere, maana simkatazi. Namkataza wa betri tu. Bubu mlete, au mshone mwenyewe kwa kipande cha kanga na sufi, mvishe, mpe jina. Huyu awe mgeni aliyefika juzi kwa boti kutoka Moroni na Kiswahili hajui hata neno. Ukimwambia "kaa" hakai. Ukimwambia "assieds-toi" anakaa. Wewe ndiye sauti yake, na kwa kuwa yeye haongei, mtoto atalazimika kumsemea, kumkaribisha, kumuuliza kama ana njaa. Sentensi zako zikiwa tano zinatosha kwa mwezi mzima: karibu, njoo, kaa, unataka hiki, asante. Wifi azirekodi moja moja kwa sauti ya WhatsApp, wewe uzisikilize jikoni peke yako mpaka zikukae mdomoni, kisha ndiyo mwanasesere aziseme. Hizo sauti za kurekodi ni darasa la mama, mtoto asibandikwe nazo sikioni. Wapo wasiopenda sanamu yenye sura ndani ya nyumba, na hao siwasemi. Mdoli wa kitambaa usiochorwa macho unafanya kazi ile ile, na hata kikapu chenye mikono miwili ya kamba kimewahi kuwa mgeni wa heshima mbele ya macho yangu.

Halafu duka. Sisi Wapemba tunajulikana kwa maduka kutoka Kariakoo mpaka Msumbiji, basi mtoto wetu akose kucheza duka? Makopo matupu, vifuu vya nazi vya kupimia mchanga, majani ya mwembe ndiyo noti. Anayeingia anasema "bonjour", anauliza "c'est combien?", analipa, anasema "merci", anatoka na "au revoir". Mazungumzo mazima yamekwisha na hayazidi maneno saba. Hesabu ziishie kumi kwa sasa, ukikazana sana ishirini. Msiende kwenye sabini, maana huko Wafaransa wa Ufaransa wanasema sitini-na-kumi, ilhali Wakongo na Wabelgiji wana neno lao jepesi la sabini, na mnaweza kuvunja undugu na mawifi kwa jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu halihitaji. Wakicheza kujificha, anayefumba macho ahesabu un, deux, trois. Bao la watoto vile vile, kila kete inayoshuka shimoni na namba yake.

Wanaodhani kwamba cha kienyeji ni cha maskini niwakumbushe nasari za mpango wa Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kuingia Zanzibar mwaka 1990. Walimu wake wamefundishwa kutengeneza vifaa vya darasani kwa makombe, vifuu, makopo na mbegu, na watoto waliokulia humo wako leo vyuo vikuu. Kama jirani yako amewahi kufundisha kwenye nasari hizo, mkalishe barazani umpe chai, utatoka na mawazo kuliko haya yangu.

Mwanao akifika miaka mitano au sita, hapo ndipo baba alete karata za sept familles. Ni karata 42, familia saba, kila moja ina babu, bibi, baba, mama, mwana wa kiume na wa kike. Unaomba kwa mwenzako: nataka bibi wa familia fulani. Anayo, anakupa, hana, unavuta rundoni. Kwa sisi ambao mtoto anafundishwa ukoo kabla ya kufundishwa rangi, sijaona mchezo wa Kizungu unaotufaa kama huu. Na hizo nazo zinachoreka nyumbani: familia ya wavuvi, ya wachuma karafuu, ya wenye duka, ya fundi seremala. Ila zisije mapema, kwa miaka mitatu zitaliwa.

Kuliwa ndiko kunanifikisha kwenye jambo ambalo sitaki mzaha. Vitu vingi vya bei rahisi vinavyoimba, vya Kifaransa, vya Kiingereza, hata vile vya Kichina vilivyojaa madukani Chake Chake, vinatumia betri ndogo za duara kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Kwa hiyo kama kitu cha betri kimeshaingia nyumbani, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na ukishuku tu kwamba imemezwa usimtapishe, usisubiri kuona kama itatoka, kimbilia hospitali hapo hapo. Na kwa walio na mtoto chini ya miaka mitatu ndani ya nyumba, chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni, kiwe kete, kizibo cha soda au macho ya mwanasesere, kikae juu ya kabati mpaka mdogo alale.

Kuhusu simu yenyewe: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora. Loto na binamu inakwisha kwa robo saa. Ikiisha, simu ifunikwe.

Sasa majirani. Najua watakuja, na najua watakalosema: Kiarabu cha chuoni, Kiingereza cha nasari, na Kifaransa tena, mtoto huyu ana vichwa vingapi? Kwa huyu wa Wete jibu ni jepesi, Kifaransa ni lugha ya damu yake. Komoro hata baada ya uhuru wa mwaka 1975 ofisi zake na skuli zake zinakwenda kwa Kifaransa, na shangazi ni shangazi hata akihamia Ulaya. Anayeona Kifaransa ni kitu cha mbali na Pemba akumbuke karafuu aliyoianika kwenye jamvi mbele ya mlango wake. Ni Mfaransa, Pierre Poivre, aliyeipanga ile safari ya kuiba miche ya mkarafuu kutoka visiwa vya Maluku, Waholanzi walikokuwa wakiilinda kwa bunduki, ikapandwa Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya upande huo wa Mauritius ndiko mikarafuu ilikofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha kwetu. Na kimbunga cha 1872 kilipoiangusha ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, tukawa sisi ndio wenye karafuu. Goma na Bukavu nako watu wanauza na kununua kwa Kiswahili asubuhi na kuandika barua za serikali kwa Kifaransa mchana, na vichwa vyao haviumi.

Lakini wewe mwingine unayesoma hapa, ambaye huna wifi Marseille, huna mjomba Bukavu, huna mtu yeyote wa kuongea Kifaransa na mtoto wako, ila umeona mtoto wa fulani Mombasa anasema "bonjour" kwenye video na moyo ukakudunda: mdogo wangu, tulia. Hakuna kitu cha kuchezea kitakachoziba pengo la mtu. Mpe mwanao hadithi, vitendawili na Kiswahili chake kilichonyooka, Kifaransa atakikuta mbele. Sekondari kinasomwa kwa anayekitaka, Alliance Française ziko Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na waongoza watalii wa Unguja wengi wamekianza ukubwani na wanakula nacho. Ukitaka kweli aanze sasa, tafuta kwanza mtu, hata kama ni kijana mmoja aliyekisomea mjini anayerudi Pemba likizo. Kitu cha kuchezea kije baadaye.

Na nyote, wenye mawifi na wasio na mawifi, nawaomba: mgeni akiingia usimwite mtoto katikati ya ukumbi, "haya mwambie Mama Fulani samaki kwa Kifaransa". Huo ni mtihani, na mtoto aliyetahiniwa mbele ya wageni hufunga mdomo hata kwa lugha anayoijua. Usimuulize kabisa neno hili kwa Kifaransa ni nini. Lifiche embe chini ya kawa, muulize "où est la mangue?", acha alitafute. Kama atakaa miezi akisikiliza tu bila kusema neno, ni kawaida, anaweka akiba. Akianza kuchanganya, "Mama nipe la mangue", mpe embe lake, usimcheke wala usimsahihishe. Lugha zitajitenga zenyewe.

Jambo la mwisho kwa mama wa Wete. Usisahau kwamba bibi na babu walioko Ngazija nyumbani wanaongea Kingazija. Kifaransa kwao ni cha ofisini. Mwanasesere wako mgeni kutoka Moroni ingekuwa ajabu asijue kuwasalimia wakwe zako kwa lugha yao. Muulize mumeo salamu mbili tatu za kwao na uzitie mdomoni mwa mwanasesere, utaona bibi atakavyolia kwa furaha kwenye simu.

Kwa mumeo, basi, andika hivi: michezo miwili ya loto ya picha, mmoja upitie Marseille; kitabu kimoja cha picha chenye karatasi ngumu kisichotoa mlio; kalamu za rangi nzuri. Nafasi itakayobaki kwenye sanduku ajaze atakacho, ila manukato ya langilangi na karafuu asijisumbue kubeba, hivyo Pemba tunavyo.